Mgongo wa Rosaire Ouellette

Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, huku Maine,
bata mzinga yuko uchi kwenye sinia,
chumvi mapajani, anangoja oveni.
Nimefunga viatu, nimempita bila kumuaga.

Nje, nyuzi tisa chini ya sifuri.
Vinyweleo vya pua vimeshikana kama vimeshonwa.
Mto umefanya ukoko kandokando,
katikati bado mweusi, bado unakwenda,
na bomba la kinu cha karatasi, lisilotoa moshi
tangu mwaka baba alipopunguzwa kazini,
limesimama tu, kama mtu
aliyesahau alichofuata chumbani.

Tumejazana mbele ya kituo cha zimamoto,
tunarukaruka papo hapo, tunapumua mawingu.
Mwalimu wa hesabu kavaa mkia wa bata mzinga.
Bendi ya shule: imelia tarumbeta moja,
nyingine zimegoma, mate yameganda ndani.
Pini tatu za namba nimezifunga.
Ya nne imeponyoka vidole nisivyovihisi,
imezama thelujini. Na iende.

Na huyo hapo. Kofia nyekundu ya sufu,
koti la posta lenye mstari unaong'aa.
Miaka kumi na mmoja namjua Rosaire kwa mgongo.
Uso wake ningeupita dukani nisiusalimu;
mgongo wake ningeutambua ahera.
Bega la kushoto chini kidogo, upande wa mkoba wa barua,
kisigino cha kulia kinatupa nje
kama mlango usiokaa sawa na fremu yake.
Maili tano, kila mwaka, na kila mwaka
ananiacha kwa hatua thelathini, ishirini,
na mwaka ule wa mafua yake, kwa tatu.
Hatujawahi kuzungumza. Tungesema nini?

King'ora kimelia.

Maili ya kwanza ni ya mapafu,
hewa inaingia na makali yake yote.
Ya pili ni ya masikio.
Ya tatu siikumbuki. Namkumbuka Bibi Gagnon barazani,
gauni la kulalia juu ya suruali ya theluji,
akigonga sufuria kwa mwiko:
"Kimbieni, viazi vinapoa!"

Bega, kisigino. Bega, kisigino.
Kwenye daraja zimebaki hatua kumi. Nane.
Nikajiambia: leo.

Naye akasimama.

Kamba ya kiatu. Ilikuwa inaburuta,
imekakamaa kama waya.
Akapiga goti darajani, glavu mdomoni,
vidole vyeupe vikipapasa kama vya kuazima.
Nilimpita. Siwezi kukana, nilimpita,
hatua sita, saba,
na mbele yangu hapakuwa na kitu.
Lami. Chumvi. Theluji iliyochafuka.
Hapakuwa na mgongo.

Nikarudi.
Vyangu navyo havikuwa vidole vya maana.
Tuliifunga mikono minne, fundo moja,
baya, fundo la mtoto wa chekechea.
Akaniangalia. Macho yake ni ya kahawia;
miaka yote hiyo sikujua.
"Kumbe wewe ndiye viatu," akasema.
"Viatu gani?"
"Vya nyuma yangu. Cha kushoto kinaburura.
Kila mwaka navisikia.
Unadhani nakimbia nini?"

Bata mzinga akatupita, mkia umepinda.
Akatupita mbwa, na mtu wake nyuma.
Tukainuka. Hakushukuru, sikumngoja ashukuru.
Akatangulia, akapunguza mwendo kidogo,
mpaka zikatimia hatua kumi baina yetu,
kama muuza duka mwaminifu anavyosawazisha mizani.
Kisha akaongeza.
Nami nikaongeza.

Nyumbani madirisha yametoka jasho.
Mama, bila kugeuka kutoka jikoni:
"Umekuwa wa ngapi?"
"Nyuma ya Rosaire."
"Kama kawaida."

Kama kawaida. Nimeshika kiazi cha moto
kwa mikono miwili, simenyi, nakishika tu,
vidole vinaanza kurudi, kimoja kimoja,
vinauma.